Kimya cha Bisibo

Habari za kwamba Methusela Ndassa anasoma shahada ya pili zilimkuta Kwandu akimenya mihogo, na ni bahati ya vidole vyake kwamba kisu kilikuwa butu. Shilinde, mdogo wa marehemu mumewe, ndiye aliyezileta kutoka Biharamulo mjini. Alikwenda kuuza mbuzi, akakutana na askari magereza mmoja wanayefahamiana, na askari yule alikuwa na mdomo mwepesi.

"Ya pili?" Kwandu aliuliza. "Humo humo gerezani?"

"Humo humo, shemeji. Kuna chuo kikuu kimeanzisha mpango. Wanaletewa vitabu, walimu wanakuja, mengine wanafundishwa kwenye kompyuta. Wanasema hata mfungwa ana akili."

"Akili alikuwa nayo tangu zamani. Hata rungu alilishika na akili yake hiyo hiyo."

Shilinde aliitikia kwa kichwa. Kisa chenyewe Bisibo nzima inakijua. Methusela alikuwa mwalimu, mtu wa kwanza wa kijiji kile kupata shahada. Alipokuwa chuoni, watu walimlimia mama yake pamba msimu hadi msimu ili kijana asikwame. Akarudi na tai shingoni, akapewa heshima yote, na heshima ikamlevya kuliko pombe. Abeli, mtoto wa kiume pekee wa Kwandu, alikuwa ametoka kumaliza kidato cha nne na kuchaguliwa kwenda cha tano. Sanduku lake la bati lilikuwa limeshapakwa rangi ya bluu. Ndipo maksai wa Methusela wakaingia tena kwenye mihogo ya Kwandu, wakala na kukanyaga, na Abeli akawaswaga mpaka kwenye zizi la mama yake, akatuma neno: hawatoki hapa mpaka mwenyewe aje aone shamba. Mwenyewe akaja, na hakuja kuona shamba. Pigo lilikuwa moja tu, la kichwani. Mahakama ikasema hakukusudia kuua, ikampa miaka ishirini. Hakukusudia! Mtu anakata mti, anauchonga, anaupaka mafuta, anautembeza mwendo wote ule kutoka kwake hadi kwa watu, halafu hakukusudia.

Kijiji nacho kilitoa hukumu yake. Wasukuma waliohamia Bisibo kutoka Mwanza na Shinyanga walikuja na ng'ombe wao, na sungusungu wao wakaja nao, na sungusungu wana adhabu moja isiyotaka fimbo wala pingu. Mtu anatengwa. Aliyetengwa hasalimiwi, hapewi moto, hatembelewi, hatumiwi hata salamu kwa mkono wa mtu wa tatu. Anayekaidi naye anatengwa. Na anayeweza kuifungua adhabu hiyo ni mmoja tu, yule aliyeumizwa. Siku akisema na mkosaji, hata akiwa amekasirika, basi imefunguka kwa watu wote na hakuna wa kuifunga tena.

Kwandu hakusema naye. Mahakamani alisema na hakimu, alisema na wakili, alisema na askari, na mara zote alimpa Methusela kisogo. Mke wa Methusela alichukua watoto akarudi kwao Kahama. Mama mzazi wa Methusela, kikongwe, alitii kama wengine, akawa anakaa mlangoni akitazama njia ya mjini mpaka akafa bila kumwona mwanawe tena. Kwandu alikwenda msibani, akapika, akalia na wenzake, akarudi nyumbani na moyo wake ule ule. Wako waliomnong'onezea kwamba inatosha. Waache wanong'one. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi.

"Abeli yuko chini na kidato chake cha nne," alimwambia Shilinde siku ile, kisu bado mkononi. "Aliyemlaza huko anataka kuvalishwa joho mara ya pili. Joho hilo halivai. Nikiwa hai mimi, halivai."

"Utamzuiaje, shemeji? Yuko ndani ya ukuta, na wanaomvalisha ni wakubwa."

"Sijui. Lakini nitajua."

Siku njema huonekana asubuhi, na asubuhi moja baada ya mavuno ya mahindi pikipiki ilimteremsha binti mmoja uani kwa Kwandu, amejaa vumbi mpaka kwenye kope. Aliitwa Diane, wa Mabawe kule Ngara, msomi mwembamba mwenye adabu zake zote.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu kiti, pumzika."

Diane alipumzika, akanywa maji, kisha akajieleza. Alikuwa msaidizi wa utafiti. Wanafunzi wa shahada ya pili lazima waende kwa watu wakaulize maswali, wapate majibu, waandike tasnifu. Sasa mfungwa hana ruhusa ya kwenda popote, kwa hiyo chuo kinamwazima miguu na masikio ya mtu mwingine. Yeye ndiye miguu na masikio. Utafiti ulikuwa juu ya namna wenye majembe na wenye ng'ombe wanavyopatanishwa wanapogombana, katika kata mbili, Kasulo kwa upande wa Ngara na Bisibo kwa upande wa Biharamulo.

"Na utaratibu unanitaka nikwambie mwenye utafiti ni nani," Diane alisema, akainamisha macho. "Ni Methusela Ndassa. Kama hutaki kujibu, mama, hulazimishwi."

Mwenye rungu anauliza watu wanapatanaje! Kwandu alisikia damu ikimpanda mpaka masikioni. Angeweza kumtimua yule binti kwa mwiko wa ugali, na hakuna ambaye angemlaumu. Lakini hakulelewa kufukuza mtu mwenye vumbi la safari. Mgeni aliyetumwa na adui ni mgeni vilevile. Alikamata kuku, akamwita jirani amchinje, akasonga ugali, akamwekea Diane maji ya kunawa. Diane alipomaliza kula akashukuru, akauliza swali lake la kwanza. Kwandu akatazama mihogo yake iliyoanikwa. Akauliza la pili. Kwandu akaondoka kwenda kufukuza mbuzi ambaye hakuwapo. La tatu halikuulizwa.

Na hapo ndipo alipojua. Yule mtu aliye ndani ya ukuta alikuwa na njaa, na chakula chake kilikuwa midomoni mwa watu wa Bisibo.

Jioni hiyo hiyo, jua likiwa bado juu ya vilima, alikuwa kwa Shilinde. Shilinde ndiye aliyekuwa kamanda wa sungusungu, na filimbi yake ikilia watu wanatoka. Walitoka. Mtu mmoja akashauri binti afukuzwe tu, mambo yaishe.

"Hapana," Kwandu alisema. "Mkimfukuza atakwenda kusema Bisibo ni washenzi, na huyo atapata la kuandika. Mlisheni. Kila nyumba imkaribishe, imlishe ashibe, imsindikize mpaka njiani. Ila likija swali la Methusela, hakuna mwenye mdomo. Arudi na tumbo, asirudi na neno."

Watu walicheka, kisha wakakubali, maana adhabu ya kumtenga Methusela ilikuwa bado iko palepale, na kumjibu mjumbe wake ni sawa na kumjibu yeye. Na kwa kweli walitekeleza. Diane alikaribishwa nyumba hadi nyumba. Alilishwa michembe ya viazi kwa karanga, alilishwa ugali kwa maziwa mgando, alilishwa mlenda, kuku, na samaki wakavu. Nyumba moja walimwambia abaki mpaka nguruwe aive. Walimsimulia habari za mvua, za bei ya mbolea, za mapacha waliozaliwa kwa jirani. Akigusa tu swali lake, nyumba inakuwa kama kanisa siku ya Jumatatu. Mzee mmoja alijifanya amesinzia, akasinzia kweli. Binti wa watu aliondoka Bisibo amenenepa mashavu, na kinasa sauti chake kimejaa milio ya kuku.

Kwandu alilala vizuri wiki ile kwa mara ya kwanza tangu habari zile zimfikie. Kisasi kina utamu wake, asikudanganye mtu.

Kilichobaki kilikuwa Kasulo. Binti yake, Odeta, aliolewa huko, katika familia ya watu waliotoka Burundi zamani wakabaki wakilima. Mama wa mkwewe aliitwa Niragira, mwanamke mrefu mwenye kicheko cha karibu, ambaye Kiswahili chake kiliweka r pale wengine wanapoweka l. Kwandu alipanda basi la Benako, akashuka, akapokewa kwa maharage na ndizi, na alipoona Niragira ameshiba na amefurahi, akatoa ombi lake. Watu wa Kasulo nao wanyamaze.

Niragira aliweka bakuli chini.

"Mkwe wangu, sikiriza. Ningekukataria jambo gani? Rakini hiri siwezi. Kwetu turikokimbia watu warinyamaza. Jirani ariona yanayokuja kwa jirani yake, akanyamaza. Mama yangu arinibeba mgongoni akavuka na mimi kwa sababu ya kunyamaza kwa watu. Mimi mtu akiniuriza neno, namjibu, hata kama aritumwa na shetani."

"Alimuua mwanangu."

"Najua. Nirimria Abeli kama wangu. Sema basi! Nenda ukaseme kwamba arimuua, ukaseme kwa sauti mpaka kuta za jera zisikie. Ukinyamaza sana, mkwe, watu watakusemea."

Kwandu alirudi Bisibo amekasirika kidogo, lakini si sana. Kasulo waseme watakavyo. Yule mtu aliandika kwamba atauliza kata mbili, na moja ataikosa yote. Tasnifu ya mguu mmoja haitembei. Hilo aliambiwa na mwalimu wa shule ya msingi, ambaye alimhakikishia kwamba bila majibu ya watu hakuna shahada, hata mtu awe na akili ya kumwaga.

Mvua za masika zilikuja zikaisha. Siku moja Kwandu akiwa shambani akipalilia, akamwona Diane anakuja kwa miguu akipita kwenye matuta, amevaa viatu vya mpira safari hii, amejifunza.

"Shikamoo, mama Kwandu. Nimekuja kuwashukuru, na kuwaalika."

"Marahaba. Kutualika wapi?"

"Gerezani. Methusela amemaliza kuandika. Jumatatu ijayo anaitetea tasnifu yake mbele ya jopo, na chuo kinataka watu wawili wawili kutoka kila kata wasikie matokeo."

Jembe lilisimama. "Amemaliza kuandika nini? Sisi hatukusema kitu."

Diane aliona haya kidogo, lakini alikuwa mkweli, na akamweleza yote pale pale kwenye tuta. Msimamizi wa Methusela, profesa, alimwambia aiache Bisibo, achague kata nyingine. Methusela akakataa, akasema ni Bisibo au basi. Akamtaka Diane amsimulie si yaliyosemwa bali yaliyotendwa: nani alimkaribisha, nani alimpa kiti, nani alimchinjia kuku, nani alimsindikiza mpaka wapi. Na Diane akamsimulia, kwa sababu ndiyo kazi yake. Kutokana na hayo Methusela aliandika kwamba kimya nacho ni jibu. Kwa Wasukuma, aliandika, mjumbe anakula kwa niaba ya aliyemtuma. Kijiji kilichomlisha mjumbe wake kila nyumba, tena cha kwanza mama wa marehemu, tena kuku, tena firigisi ikawekwa kwenye sahani ya mgeni, kijiji hicho kimeshasamehe. Kimesamehe bila maneno, kwa sahani. Huo ndio ugunduzi wake, na mtahini mmoja alishausifu.

Kwandu alishuka tuta, akaenda mpaka mwisho wa shamba, akashika mti wa mpaka kwa mikono miwili. Mtu amemuua mwanawe kwa rungu, sasa anamsamehesha kwa kuku! Watu watakusemea, Niragira alimwambia, naye akapuuza.

Aliporudi macho yalikuwa makavu.

"Niandike jina," alimwambia Diane. "Mimi na Shilinde. Tutakuja."

Shilinde hakuipenda safari hiyo. Njiani kwenda mjini, wamebanana kwenye kiti cha nyuma cha gari la mtu wa kijijini aliyekuwa anapeleka viazi, alimwonya mara kwa mara mpaka dereva akageuka kutazama.

"Shemeji, sema na wale wa suti. Waambie yote. Lakini yeye usimsemeshe. Usimtazame. Usimtupie hata kikohozi. Unajua mwenyewe kitakachotokea."

"Mimi mtoto? Nimenyamaza miaka yote hiyo, nitashindwa asubuhi moja?"

Walipekuliwa getini, wakavuliwa simu, wakapitishwa uani ambako wafungwa walikuwa wakichambua maharage, wakaingizwa katika ukumbi ambao Jumapili hutumika kama kanisa. Meza ilitandikwa kitambaa cha kijani. Nyuma yake walikaa wasomi watatu, na mwenyekiti wa jopo alikuwa mama mmoja mnene mwenye miwani na sauti ya upole. Mkuu wa gereza alikaa pembeni amenyoosha sare yake utadhani ndiye anayetahiniwa. Watu wawili wa Kasulo walikuwa wameshafika, na Diane akawasogezea Kwandu na Shilinde viti.

Methusela aliletwa amevaa sare yake ya rangi ya machungwa. Kwandu alikuwa ameapa kutomtazama, akatazama mikono yake tu. Ilikuwa mikono ya mzee. Sauti nayo ilikuwa imekwaruza, ila ile namna ya mwalimu ya kutamka kila neno mpaka mwisho ilikuwepo bado, na Kwandu aliichukia papo hapo.

Alieleza habari za Kasulo kwanza, vizuri, bila kubabaika. Kisha akafika Bisibo. Akasema kuhusu kimya, akasema kuhusu sahani, akasema kuhusu kuku. Watahini walitikisa vichwa kwa kuridhika. Mmoja aliandika kitu akatabasamu. Kwandu aliliona joho, kwa macho yake aliliona, likishuka taratibu kwenye mabega yale.

"Tuna bahati ya kuwa na wanajamii hapa," mwenyekiti alisema. "Yupo mwenye la kusema kuhusu matokeo haya?"

Kwandu alisimama. Alimgeukia mwenyekiti, akampa Methusela kisogo, kama alivyofanya mahakamani.

"Mama mwenyekiti, mimi ni Kwandu. Kuku huyo ni wangu. Nilimchinja kwa sababu binti huyu alikuja kwangu na njaa. Angekuja jini na njaa ningemchinjia. Aliyemtuma sikumlisha. Bisibo haikumlisha. Tulikubaliana kunyamaza ili huyu mtu akose cha kuandika, na mwenye shauri hilo ni mimi, nililitoa mbele ya mkutano, na kamanda wa sungusungu huyu hapa amekaa. Hatujasamehe. Mimi sijasamehe leo, na kesho sitasamehe. Hicho alichowasomea ni uongo, na uongo wenyewe ameujenga juu ya maiti ya mwanangu. Nimemaliza."

Mtahini aliyekuwa anatabasamu aliifuta tabasamu yake. Shilinde alishusha pumzi, maana shemeji yake alikuwa amemaliza na hajakosea. Mwenyekiti alivua miwani.

"Mtahiniwa, una la kujibu?"

Methusela hakulitazama jopo. Kwandu aliyahisi macho yake mgongoni.

"Mwenyekiti," alisema polepole, "namheshimu mama. Lakini mimi ni mtu wa Bisibo. Kuku najua maana yake. Na firigisi, kwetu, haipewi mgeni wa hivihivi. Firigisi ni ya mwanamume wa nyumba. Mtu asiyesamehe hatoi firigisi."

Shilinde aliwahi kushika upande wa kanga ya Kwandu. Ikamponyoka.

"Firigisi ilikuwa ya Abeli!" Kwandu aligeuka na mwili wake wote. "Ya Abeli, Methusela! Nilimpa mgeni kwa sababu mwenyewe wa kuila ulimuua wewe! Unajua kila nikichinja kuku naitazama ile firigisi sijui niiweke wapi? Unajua sanduku lake liko mpaka leo, natia mbegu za mahindi? Alikuita uje uone shamba, Methusela! Neno lipi baya hapo? Ungekuja ukaona, ukasema pole mama Kwandu, yangekwisha! Sisi tulimlimia mama yako. Mgongo wangu mimi uliinama kwenye pamba ya ada yako huku nina mimba ya Abeli tumboni. Nilikulimia uje uniulie! Na sasa unataka kuninyang'anya hata chuki yangu, uiandike msamaha? Huipati! Shahada hiyo huipati! Utaoza humu na hiyo moja yako!"

Alisema mengine pia, mengi, mpaka sauti ikakatika. Hakuna aliyemzuia. Mkuu wa gereza alitazama viatu vyake. Diane alikuwa analia, na mmoja wa watu wa Kasulo alikuwa amejifunika uso kwa kofia.

Jopo liliinamiana, likanong'ona. Halikuchukua muda. Mwenyekiti alivaa miwani yake akasema, kwa upole ule ule, kwamba matokeo makuu ya tasnifu yamekanushwa na shahidi ambaye yamesimama juu yake. Kwamba mtafiti amejitafutia jibu alilolitaka. Na kwamba jopo haliwezi kuipitisha kazi hii. Haikupita. Mwanafunzi akitaka, aanze upya na mada nyingine, ikiwa chuo kitamruhusu.

Haikupita! Kwandu alilisikia neno hilo likimshuka kifuani kama maji ya mtungi wakati wa kiangazi. Alitamani kumwita Abeli aje alisikie. Alikaa kitini, akafuta jasho kwa kanga, na sasa akajiruhusu kumtazama Methusela usoni, alitazame anguko lake vizuri, alishibe.

Methusela alikuwa analia. Lakini hakuwa analia kama mtu aliyenyang'anywa kitu. Karatasi zake zilikuwa zimeanguka sakafuni na hakuziokota, wala hakuonekana kama amesikia neno moja la mwenyekiti. Alikuwa anamtazama Kwandu tu, na midomo inamcheza.

"Asante, mayu. Asante, mama," alisema.

Kwandu hakuelewa. Alidhani ni kejeli. Ndipo Shilinde akasimama pembeni yake, akavua kofia, akaishika kifuani. Shilinde, kamanda wa sungusungu, mtu asiyecheza na sheria za kwao hata kidogo.

"Mwangaluka, Ndassa," alisema.

"Mwangaluka, baba," Methusela alijibu, akapiga magoti pale pale kwenye sakafu ya saruji, kama mtoto anayeamkiwa na mkubwa wake.

"Umefanya nini?" Kwandu alimvuta Shilinde mkono. "Shilinde! Unamsalimia?"

"Ni wewe uliyemsalimisha, shemeji," Shilinde alisema kwa sauti ya chini, na ilionekana inamuuma. "Nilikushika, ukaniponyoka. Umemwita kwa jina lake, umesema naye mbele ya watu. Imefunguka. Leo hii dada zake wakisikia watafunga safari, na siwezi kuwazuia. Jumapili patajaa watu hapa getini."

Kwandu alimtazama yule mtu aliyepiga magoti, na mambo yote yakamjia kwa pamoja. Profesa alimwambia achague kata nyingine, akasema Bisibo au basi. Aliandika uongo ambao Kwandu asingeweza kuukalia kimya. Na pale aliposhindwa kumgeuza kwa kuku, akaitaja firigisi. Joho lilikuwa kitambaa tu kwake. Alilitoa kafara bila kutikisa jicho. Kwandu alikuwa amemnyang'anya kitambaa, akampa Bisibo nzima.

Hasira ilimwaka upya, kali kuliko ya kwanza. Matusi yote aliyowahi kuyasikia maishani, ya Kisukuma na ya Kiswahili, ya machungani na ya kilabuni, yalijipanga kwenye ulimi wake. Alifungua kinywa. Akayaona macho ya Methusela yameinuliwa kwake yakingoja, yana kiu hata ya hayo.

Akakifunga. Tusi nalo ni neno.